Saa 72 Huanzia Puani: Kupata Majibu ya Korona Kabla ya Kufika Mpakani

Mwaka 2021 mtu aliweza kuzuiwa kwenye mpaka wa Namanga akiwa buheri wa afya. Cheti anacho, kimeandikwa hasi, kina muhuri na amekilipia. Kosa ni kwamba alipimwa Jumatatu ili awe na amani, akasafiri Ijumaa, na dawati la afya linahesabu saa, halihesabu amani ya mtu.

Mwongozo huu ni wa mwaka huo, kwa ajili yako unayepanda basi la Dar es Salaam kwenda Nairobi, unayevuka Horohoro kwenda Mombasa, au unayeunganisha ndege Dubai kwenda kazini. Masharti yaliyotajwa humu yalikuwa ya 2021, na yalikuwa yakibadilika bila kupiga hodi. Njia ya kuhesabu haibadiliki, hata nchi ikiamua kesho kwamba inataka saa 48 badala ya 72.

Na kabla hujauliza: ndiyo, kipimo kilitakiwa hata ukiwa umechanjwa. Wakati huo si Tanzania wala Kenya iliyomsamehe msafiri kipimo kwa sababu ya kadi ya chanjo. Oman ndiyo ilizidisha: tangu 1 Septemba 2021 ilitaka chanjo kwanza, na masuala ya kipimo yalifuata baadaye.

Saa zinaanza wapi

Zinaanza pale kijiti cha pamba kinapoingia puani. Hazianzi siku uliyolipa, wala pale simu ilipolia kukwambia majibu yametoka.

Kishike cheti cha PCR, yaani cha kipimo cha maabara, ukisome kwa makini. Mara nyingi kina nyakati tatu: wakati sampuli ilipochukuliwa, wakati maabara ilipoipokea, na wakati majibu yalipotolewa. Baina ya ule wa kwanza na ule wa tatu inaweza kupita siku nzima au zaidi. Msafiri hupenda kuhesabu kuanzia ule wa tatu kwa sababu ndio mpya. Ofisa wa afya anatazama ule wa kwanza. Kama cheti chako hakionyeshi saa ya kuchukuliwa sampuli, kinaonyesha tarehe tu, omba kirekebishwe kabla hujaondoka. Tarehe bila saa humwachia ofisa nafasi ya kuamua mwenyewe, na si lazima aamue kwa faida yako.

Kwa nini majibu hukawia

Ukijua kinachoendelea nyuma ya dirisha la maabara utajua mahali pa kuweka akiba ya muda.

Kijiti kikitoka puani kinatiwa kwenye kichupa chenye majimaji maalumu, kinawekwa kwenye boksi la baridi pamoja na vya wenzako. Boksi halitembei kwa ajili yako peke yako, linasubiri gari. Likifika maabara, vichupa vinaandikishwa kimoja kimoja. Kisha chembe za urithi za kirusi, kama zipo, zinatenganishwa na kamasi, na sampuli zinapangwa kwenye sahani ya plastiki ambayo kwa kawaida ina matundu 96. Matundu machache ni ya kukagua kama mashine inasema kweli. Yaliyobaki ni ya watu. Maabara yenye wateja wachache inaweza kusubiri sahani ijae kwanza. Mashine ikiwashwa huzungusha joto na baridi mara 40 hivi, kazi ya saa moja na nusu hadi mbili. Baada ya hapo mtaalamu anapitia, karani anaingiza majina, mkubwa wao anaidhinisha, mfumo unatuma.

Kwa hiyo mashine haina lawama. Muda unaliwa na gari, foleni, sahani isiyojaa na mtu wa kuidhinisha ambaye Jumapili yuko kanisani au yuko kwake na familia. Ndiyo maana swali la "mashine yenu inachukua saa ngapi?" halikusaidii. Uliza hivi: "Nikitoa sampuli Jumamosi saa tatu asubuhi, gari linazichukua saa ngapi, na majibu yataidhinishwa na nani siku hiyo?" Karani anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo. Akianza kusema "ndani ya saa 24 hadi 48" kwa sauti ya kukariri, wewe hesabu 48.

Usidanganyike na kipimo cha haraka kinachotoa majibu kwa dakika 15 hadi 30. Hicho hutafuta protini za kirusi, ni kizuri kwa kazi yake, lakini penye sharti la PCR hakipokelewi. Kipimo cha damu kinachotafuta kinga ndicho hakisaidii kabisa; kinaeleza mwili wako ulikutana na nini zamani.

Saa zinaishia wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu nchi mbili jirani zinaweza kutaja saa bila kumaanisha mwisho uleule.

KISANDUKU: MASHARTI MATATU, MIISHO MITATU (2021)

- Tanzania: majibu hasi ya PCR, sampuli iwe imechukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya *kuwasili*. Kulikuwa pia na fomu ya afya ya msafiri ya kujaza mtandaoni ndani ya saa 24 kabla ya kufika. Uliweza kupimwa tena kwa kipimo cha haraka ukifika, kwa gharama yako.
- Kenya: PCR iliyofanywa ndani ya saa 96 kabla ya *safari*. Kulikuwa na fomu ya afya ya kujaza kupitia mfumo wa Jitenge. Pia kulikuwa na mfumo wa Umoja wa Afrika wa kuthibitisha majibu, Trusted Travel, uliompa msafiri namba ambayo wengi waliiita TT.
- Dubai, kwa wanaotoka nchi kadhaa za Afrika: PCR ndani ya saa 48 tangu sampuli ichukuliwe, cheti chenye msimbo wa QR, *pamoja na* kipimo kingine cha haraka cha PCR uwanjani ndani ya saa 6 kabla ya ndege kuondoka.

"Kabla ya kuwasili" na "kabla ya safari" yanatofautiana kwa muda wote utakaokaa njiani. Kwa ndege ya Dar kwenda Nairobi hiyo ni saa moja na kitu, haina uzito. Kwa basi ni kutwa nzima, na gari likipasua tairi Mombo au likikutana na foleni ya malori, ni kutwa na usiku.

Ushauri wangu ni mmoja, na ninajua ni mkali kuliko sheria: hesabu kila cheti mpaka kwenye meza ya mwisho kitakaposomwa, hata kama sharti linasema "safari". Ofisa aliye zamu usiku hana haja ya kujua basi lako liliondoka lini. Anacho cheti, anayo saa ya ukutani.

Fahamu pia meza ipi ni ya mwisho. Namanga, Holili na Taveta ni vituo vya pamoja vya mpakani: taratibu za nchi mbili zinafanyika chini ya paa moja, upande wa nchi unayoingia. Ukitoka Tanzania unavuka kwanza, unasimama upande wa Kenya. Kwa safari ya ndege meza zinaongezeka: kaunta ya shirika la ndege mahali unapoanzia, uwanja unaounganishia, na uwanja wa mwisho. Kaunta ya mwanzo ndiyo kali kuliko zote, kwa kuwa shirika likikubeba bila karatasi sahihi ndilo linalobeba gharama ya kukurudisha.

Hesabu ya kurudi nyuma

Chukua karatasi. Simu inafaa, lakini karatasi inakulazimisha kuona siku zote kwa pamoja.

1. Andika siku na saa utakayofika kwenye meza ya mwisho. Kwa basi, ongeza saa 6 za matatizo.
2. Rudi nyuma kwa saa zinazotakiwa (48, 72 au 96). Kabla ya hapo usipimwe. Huo ni mpaka wako wa juu.
3. Andika saa ya kuondoka nyumbani. Rudi nyuma saa 48, muda wa majibu yanayokawia. Baada ya hapo kupimwa ni kamari. Huo ni mpaka wako wa chini.
4. Nafasi iliyobaki katikati ndiyo siku yako ya kupimwa. Kama imeangukia Jumapili au sikukuu, ipigie maabara simu kabla hujafanya lolote.
5. Kama mipaka hiyo miwili imepishana na hakuna nafasi kabisa, tafuta maabara inayotoa majibu siku hiyohiyo au sogeza tiketi. Hakuna hila ya tatu.

*Mfano wa basi.* Basi linaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mwendo wa kawaida, tuseme utafika Namanga saa mbili usiku. Ukitoa sampuli Jumatano saa mbili asubuhi, basi litakapowashwa zitakuwa zimepita saa 46, na ukisimama mbele ya dawati la Kenya zitakuwa 60. Una saa 36 za ziada, na majibu yamepewa Jumatano nzima na Alhamisi nzima kutoka. Mpaka wa chini umepitwa kwa saa mbili tu; hesabu bado ni nzuri. Ungepimwa Jumatatu asubuhi ungefika na saa 108, na hapo hata machozi hayasaidii.

Sasa tazama kurudi. Umekwenda kumwona ndugu, unarudi Jumatatu, utakuwa Namanga saa sita mchana. Tanzania ilitaka 72 kabla ya kuwasili, yaani sampuli isitangulie Ijumaa saa sita mchana. Cheti cha Jumatano kimekwisha kazi. Unahitaji kingine, cha Nairobi, na siku pekee inayokaa vizuri ni Jumamosi asubuhi: ukipimwa saa tatu, Jumatatu mchana zitakuwa saa 51. Watu hupanga cheti cha kwenda kwa uangalifu wote, cha kurudi wakakiachia Mungu, kisha wanalala Namanga siku mbili. Safari fupi ya wikiendi ni safari ya vipimo viwili, na gharama yake uijue kabla hujamwahidi mtu kwamba unakuja. Ukiwa na watoto, uliza umri unaosamehewa kwa kila nchi peke yake; usichukue wa nchi moja ukautumia kwa nyingine.

*Mfano wa Dubai.* Ndege inaondoka Jumapili saa kumi alasiri. Saa 48 nyuma ni Ijumaa saa kumi alasiri, wakati vituo vingi vinafunga. Kwa hiyo sampuli itolewe Jumamosi asubuhi na mapema, saa mbili ikiwezekana, na majibu yawe yametoka Jumamosi usiku. Hakuna nafasi ya kukawia hapa. Chagua kituo kwa kasi yake, bei iwe ya pili. Kisha kipimo cha uwanjani: saa 6 kabla ya saa kumi alasiri ni saa nne asubuhi. Ukipimwa saa tatu na nusu umewahi, hakihesabiki. Ukifika saa nane mchana foleni inaweza kukumaliza. Uwe pale kabla ya saa nne, wa kwanza dirishani likifunguliwa.

Onyo: saa za kwetu na saa za cheti

Sisi tunaanza kuhesabu saa alfajiri na jioni. Cheti kinaanza usiku wa manane. Wewe utasema ulipimwa saa nne asubuhi, cheti kitaandika 10:00. Ukiona 16:00 ni saa kumi alasiri. Ukipigiwa simu na karani akisema "njoo saa tatu", hakikisha ni tatu ya asubuhi na kwamba hakutafsiri vibaya kutoka kwenye skrini yake. Ni jambo dogo, lakini kukosea hapo ni kukosea kwa saa 6 kamili, na saa 6 ndizo akiba yako yote.

Halafu kuna majira. Kenya, Uganda na Tanzania zinakwenda sawa. Rwanda, Burundi, Goma na Lubumbashi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja. Ukipimwa Kigali 09:00 kwa saa za kule, ofisa wa mpaka wa Rusumo upande wa Tanzania atahesabu 09:00 kwa saa yake, na tayari umepoteza saa moja ambayo kwa haki ni yako. Usibishane naye. Panga tu safari yako kama vile saa hiyo haipo.

Siku ya kupimwa

1. Hakikisha kituo kinatambuliwa. Tanzania, mwaka 2021 vipimo vya wasafiri vilipangwa kupitia mfumo wa Wizara ya Afya: ulijiandikisha mtandaoni, ukachagua kituo, ukapata kumbukumbu namba ya malipo, ukalipa benki au kwa simu, ndipo ukaenda. Kenya zilikuwapo maabara za serikali kama za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na za binafsi zilizoidhinishwa. Zahanati ya mtaani yenye bango kubwa la "COVID TEST" si lazima iwe miongoni mwao. Kwa Kenya uliza pia, kabla hujalipa, kama majibu yao yanaingia Trusted Travel.

2. Jiandikishe kwa hati ileile utakayoionyesha mpakani. Ukijiandikisha kwa kitambulisho cha taifa kisha ukavuka kwa pasipoti, namba hazitaoana na cheti chako kitakuwa cha mtu mwingine machoni pa ofisa.

3. Andika majina yote, kwa mpangilio na tahajia ya pasipoti. Hapa tusidanganyane: Asha Juma Hamisi wa pasipoti akijiandika Asha Hamisi, ameomba shida. Mwanamke aliyeolewa anayetumia jina la mume kazini lakini pasipoti ina la baba, aandike la baba. Soma namba ya pasipoti tarakimu moja moja, hasa sifuri na herufi O.

4. Tumia barua pepe unayoweza kuifungua wewe mwenyewe. Siyo ya mpwa wako aliyekufungulia mwaka juzi na ambaye sasa yuko shule ya bweni.

5. Kama kituo kinachukua sampuli ya kooni, usile, usinywe wala kutafuna bigijii nusu saa kabla.

6. Usiondoke dirishani bila vitu vitatu: stakabadhi, namba ya sampuli, na namba ya simu inayopokelewa. Tazama kwa macho yako saa aliyoandika karani. Wakati mwingine kadi zinajazwa kwa mkupuo na kila mtu anaandikiwa saa ya aliyetangulia foleni. Dakika 40 hazitakuua. Lakini kama ameandika tarehe ya jana kwa kuzoea, msimamishe hapohapo.

Majibu yakikawia

Usingoje mpaka basi lipige honi. Weka *saa ya uamuzi*: saa 12 kabla ya kuondoka. Ikifika na hujapata kitu, anza kutenda, kwa mpangilio huu:

1. Fungua barua pepe zilizotupwa kwenye taka. Barua zenye viambatisho hupenda kuangukia huko. Jaribu pia kuingia kwenye mfumo uliojiandikishia. Majibu yanaweza kuwa yamekaa pale tangu jana bila ujumbe kutumwa.
2. Piga simu, taja namba ya sampuli kwanza, jina baadaye. Kina Mohamed Ali ni wengi.
3. Uliza swali lenye jibu moja: "Sampuli yangu iko wapi sasa: kituoni, maabara, au inasubiri kuidhinishwa?" Ikiwa inasubiri kuidhinishwa, kuna matumaini. Ikiwa bado iko kituoni, safari imeota mbawa. Usipoteze nauli ya bodaboda.
4. Nenda mwenyewe na stakabadhi mkononi. Mtu aliyesimama mbele ya dirisha hushughulikiwa kabla ya sauti ya simu. Si haki kwa wengine, lakini ndivyo ilivyo.
5. Badilisha tiketi kabla ya muda wa kuondoka kupita. Tiketi iliyoahirishwa mapema mara nyingi inasogezwa kwa faini ndogo au bure. Iliyoachwa ikapita inakuwa karatasi.

Lipo jibu la tatu ambalo watu hawalitarajii: sampuli haikutoa jibu la uhakika. Si hasi wala chanya. Pengine kijiti hakikufika mahali pake, pengine kichupa kilivuja. Utaambiwa urudie, na saa zitaanza upya. Kwa safari yenye saa 48, hilo peke yake linatosha kuahirisha ndege.

Usipande gari kwa matumaini kwamba majibu yatakukuta njiani. Mtandao wa simu baina ya Longido na mpaka si wa kuwekea dhamana, na hata yakifika, dawati linaweza kutaka karatasi iliyochapwa.

Yakija chanya

Usivuke. Kaa peke yako, wajulishe uliokaa nao karibu, fuata maelekezo ya watu wa afya wa eneo lako, na wahi hospitali ukianza kubanwa kifua au kukosa pumzi. Kuhusu safari, liambie shirika la ndege au kampuni ya basi mapema. Ambatisha majibu; baadhi ya mashirika yanakubali kusogeza tiketi kwa sababu hiyo.

Kuna jaribu la kukimbilia maabara nyingine siku hiyohiyo ili upate hasi. Tuseme umeipata: hukupona kati ya asubuhi na jioni, na abiria aliyekaa kiti cha pembeni hajui kwamba una majibu mawili mfukoni.

Jambo jingine la kulijua kama uliugua karibuni: PCR inaweza kuendelea kusema chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, wakati mwingine hata miezi, kwa sababu inaokota mabaki ya kirusi kilichokwisha kufa. Aliyeugua mwezi uliopita asinunue tiketi kabla ya kupimwa. Apime kwanza kwa ajili ya kujua, kisha ndipo apange tarehe, na aulize ubalozi au shirika kama barua ya daktari inapokelewa. Baadhi wanapokea, wengine hata hawaifungui.

Vishoka na njia za panya

Katika stendi na miji ya mpakani hutakosa mtu mwenye bahasha na tabasamu. Atakuuzia hasi bila kukugusa pua. Tofauti na zamani, msimbo wa QR haumwangalii mtu usoni: ofisa anaelekeza simu, na ama jina linatokea ama halitokei. Cheti cha kughushi ni jinai, na anayeshikwa ni aliyekibeba. Aliyekiuza atakuwa ameshahamia kwa mteja mwingine. Mwangalie pia yule wa upole zaidi anayejitolea "kukusaidia kujaza fomu", akakupa namba ya malipo ya simu ya mtu binafsi. Malipo halali ya serikali yana kumbukumbu namba, na jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kubonyeza ndiyo lisiwe la mtu.

Njia ya panya nayo ina bei yake ya baadaye. Utavuka bila muhuri wa kuingia, kisha siku ya kurudi, au siku ya kuomba kibali, utaulizwa uliingiaje. Hapo hakuna cha kujibu.

Neno kwa madereva wa malori

Ninyi mlikuwa na utaratibu wenu. Tangu foleni ndefu za 2020, pale Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania tarehe 16 Mei isipokuwa kwa mizigo, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana cheti cha dereva kidumu siku 14. Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi Mei 2021, yeye na Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, waliwataka mawaziri wao wa afya wahakikishe vyeti vya upande mmoja vinatambuliwa na upande wa pili. Hata hivyo siku 14 nazo zilihesabiwa tangu sampuli, na dereva aliyekwenda Kampala na kurudi Dar aliweza kuzimaliza kwenye foleni. Andika tarehe ya mwisho kwa kalamu nzito kwenye karatasi, ibandike karibu na usukani. Utingo naye alihitaji cheti chake. Cha dereva hakikumfunika.

KISANDUKU: USIKU WA KUAMKIA SAFARI

☐ Cheti kilichochapwa, nakala mbili. Moja kwenye begi la mkononi, moja na mwenzako. Usitie nakala yoyote kwenye begi linalokwenda buti.

☐ Cheti kwenye simu kama faili kamili, siyo picha ya skrini iliyokata msimbo wa QR. Kiwe kwenye simu yenyewe, kifunguke bila mtandao. Jaribu: zima data, kifungue.

☐ Msimbo wenyewe umeujaribu kwa simu ya mtu mwingine na jina lako limetokea.

☐ Jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa: umelinganisha cheti na hati, herufi kwa herufi.

☐ Fomu ya afya ya nchi unayoingia imejazwa ndani ya muda wake, na namba ya uthibitisho umeihifadhi.

☐ Saa iliyoandikwa kwenye cheti, ukiongeza saa zinazoruhusiwa, inavuka saa ya kufika kwa angalau saa 6.

☐ Kadi ya homa ya manjano. Korona iliwasahaulisha watu kadi hii, ila madawati hayakuisahau. Chanjo yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kadi ni ya maisha, hivyo ya zamani usiitupe.

☐ Fedha taslimu au salio la simu la kutosha kipimo cha haraka ukifika, pamoja na chakula na malazi ya usiku mmoja mpakani.

☐ Anwani na namba ya simu ya kituo cha kupimia kwa ajili ya kurudi, na siku zake za kazi. Kama safari yako ni ya chini ya wiki moja, weka miadi hiyo leo usiku, kabla hujalala.